Chama cha kitaifa cha matunda: tubaki ASBL, tufanye shirikisho, tuingie koperative ao tukate mchango kwa kila karto?

Wapanda matunda wa huku kwetu Kongo, Lubumbashi, Kipushi mpaka Likasi, wanaulizana swali moja, chama cha kitaifa kikipangwa upya kipangwe namna gani, na karibu kila mtu anakuja na jibu lake kabla hajafungua statuti (kanuni za chama). Huyu anasema koperative, juu koperative njo inaleta makuta (pesa). Yule anasema ASBL, yaani chama kisichotafuta faida, iachwe vile iko, ibadilishwe komite tu. Mwingine amesikia Afrika Kusini wanakata mchango kwa kila karto (boksi) ya matunda na anataka na sisi tuanze kesho asubuhi. Wote wana sababu zao, ila kila mmoja anaongelea kitu chake, njo maana mikutano ya namna hii inaisha usiku na hakuna kilichoamuliwa.

Hapa naweka njia nne kando kwa kando na ninazipima kwa maswali matatu: nani anapiga kura, makuta yanatoka wapi na nani anashika kese (mfuko wa makuta), na sheria inakuruhusu kufanya kazi gani. Upande wangu nausema mapema ili usome ukijua. Mimi naona sauti ya wakulima na biashara ya matunda zisikae kwenye kese moja. Nimefika hapo kwa kuangalia wenzetu walivyofanya na kwa kusoma sheria zetu wenyewe, na usipokubaliana nami bado hesabu zilizo hapa chini zitakusaidia.

Tunapoteza nini sasa

Pita soko la Kenya, lile la hapa Lubumbashi, wakati wa maembe, mwezi wa kumi na mbili hivi. Maembe yanashuka kwenye kamyo ndani ya magunia, mabichi na yaliyoiva pamoja, madogo na makubwa pamoja, na yale ya chini yamepondeka juu watu wameyakalia njia nzima. Mama anafungua gunia, anachagua, anatupa pembeni, yanayobaki anayapanga mafungu mafungu. Hatua chache kutoka pale kuna karto ya mapome (matufaha) ya Afrika Kusini, kila pome imelala kwenye kitundu chake, na ubavuni mwa karto wameandika aina, daraja, ukubwa na namba ya shamba ilikotoka. Ile pome imetembea zaidi ya kilomita 2,000, imepita dwani (forodha) baada ya dwani mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Embe limetoka njia ya Kipushi, mji uko kilomita 30 tu kutoka hapa. Na pome njo imefika nzima.

Sisemi chama peke yake njo kinafanya hivyo. Kuna barabara, kuna vyumba vya baridi, kuna benki zinazokopesha mkulima. Lakini lile daraja lililoandikwa kwenye karto kuna watu walikaa wakakubaliana tunda la daraja la kwanza ni lipi, wakalipa mtafiti, wakalipa mkaguzi, na mkulima aliyeleta vibaya akarudishiwa mzigo wake. Sisi tuna UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na fakultee yake ya kilimo, tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA pale Kipopo, na bado mwenye miti kumi ya maembe hajui aombe nani mche uliounganishwa. Chama kinachopangwa upya kwanza kijibu huyo mtu.

Njia ya kwanza: kubaki ASBL, kila mkulima mwanachama moja kwa moja

Hii njo wengi wanaijua. Sheria yake ni namba 004/2001 ya tarehe 20/7/2001, na inasema wazi ASBL haifanyi biashara ila kwa pembeni tu kusaidia lengo lake, na haitafuti kuwapa wanachama wake faida ya mali. Soma tena hapo. Maana yake ASBL inaweza kusema, kufundisha, kutetea, kuandika barua kwa waziri, kutafuta msaada, hata kuuza miche kidogo ili biro iendelee, lakini siku inaanza kununua maembe ya wanachama na kugawana faida, imetoka nje ya sheria yake.

Uzuri wake ni wepesi. Haihitaji mtaji, mwenye miti mitano na mwenye hekta hamsini wanaingia mlango mmoja, wafadhili wanaijua, mtu yeyote aliyekaa kwenye komite ya parokia ao ya mtaa anajua asamble jenerali (mkutano mkuu) inaendaje. Ugumu wa kwanza ni makaratasi, juu utu wa kisheria unatoka kwa waziri wa sheria kule Kinshasa, na vyama vingi vinakaa na ile F92 tu, karatasi ya kuonyesha ombi limewekwa, miaka kwa miaka kama njo mwisho wa safari.

Ugumu wa pili kwangu njo mkubwa kabisa, ni kura. Chama ni cha kitaifa, asamble inafanyika Kinshasa, mkulima wa Kasenga aende na nini? Kwa barabara hakuna mtu atakushauri. Kwa ndege, tiketi inakula pesa ya maembe ya msimu mzima kwa mtu mdogo. Basi wanaojaza sale (ukumbi) ni wale walio karibu, watu wa Kinshasa na Kongo Central, pamoja na wachache wa mbali wenye uwezo wao ao waliolipiwa na mtu anayetaka kura zao. Halafu tunarudi huku tunalalamika prezida hatujui, kumbe statuti zenyewe njo zilimchagua hivyo. Kubadilisha komite peke yake hakugusi hapo, komite mpya itachaguliwa na sale ileile.

Na hili la nani anaitwa mpanda matunda. Kuna statuti zinadai mwanachama aonyeshe karatasi ya shamba. Kwa sheria yetu ya ardhi, ile ya 20/7/1973, ardhi ni ya serikali na mtu anapewa konsesio (haki ya kuitumia), na wengi sana wanaolima hawana ile karatasi, wanalima kwa ruhusa ya chifu ao kwenye kiwanja cha familia. Ukidai karatasi umefukuza karibu wanawake wote, na hao njo wanapalilia, wanachuma, wanabeba kichwani mpaka barabarani. Andikeni mwanachama ni mtu anayelima na kuvuna matunda, akithibitishwa na wakulima wenzake wa eneo lake, basi. Hii nitaisema kwa njia zote nne, juu inaonekana ndogo na inaamua kila kitu.

Njia ya pili: shirikisho, kila jimbo na chama chake

Hapa mkulima anakuwa mwanachama wa chama cha jimbo lake, na majimbo yanatuma wajumbe ngazi ya taifa. Namna hii haiko ngeni, CONAPAC yenyewe inayounganisha mashirika ya wakulima nchini inasimama juu ya mashirika ya majimbo. Kura ya kwanza inapigwa karibu na nyumbani, mjumbe mnamjua kwa sura, akirudi bila rapori mnampata, na gharama ya kupeleka watu wawili Kinshasa inagawanywa na wote.

Vita itakuwa kwenye idadi ya wajumbe. Watu wengi watasema haraka haraka kila jimbo wajumbe wawili, haki sawa, tumalize. Hesabu kwanza. Majimbo ni 26 tangu mgawanyo wa 2015, wajumbe wawili wawili ni 52. Sasa angalia nani aligawanywa. Katanga ya zamani ilitoa majimbo manne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, kwa hiyo ina wajumbe 8. Équateur ya zamani ilitoa matano, ina 10. Province Orientale ilitoa manne, ina 8. Lakini Kongo Central haikugawanywa, Kivu ya Kaskazini haikugawanywa, Kivu ya Kusini pia, na hayo matatu njo yenye nanasi, marakuja, avoka, ndizi na machungwa mengi ya nchi hii, yote matatu kwa jumla yanapata 6. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, hesabu hii inanifaidi, na bado nasema haiko sawa. Mtu wa Beni ao wa Mbanza-Ngungu hatakubali muda mrefu, atatoka, na chama cha kitaifa bila Kivu na bila Kongo Central kitakuwa chama cha jina.

Mwingine atasema basi tuhesabu kwa tani. Tani zipi? Nani alipima? Matunda yetu yanauzwa kwa gunia, kwa beseni, kwa fungu, kwa mti mzima kabla hayajaiva. Kila jimbo litaandika namba linayotaka na hakuna atakayeweza kubisha. Kuhesabu kwa wanachama ni bora, ila orodha zinajazwa majina ya shangazi na wajomba wakati wa uchaguzi ukikaribia, hiyo tumeiona kwenye vyama vya kila aina.

Naona kitu kinachoweza kushika ni mchanganyiko: mjumbe mmoja kwa kila jimbo lenye chama kinachofanya kazi kweli, kisha wajumbe wa kuongeza kulingana na wanachama waliolipa kotizasio (mchango wa uanachama) mwaka ule, na kikomo ili jimbo moja lisimeze mengine. Na malipo yapite kwenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, namba iwe ya chama na si ya trezorie (mweka hazina) binafsi, juu hapo kila franka inaacha alama na tarehe. Shangazi aliyeandikwa tu bila kulipa hahesabiwi. Atakayetaka kununua kura atalazimika kulipia majina mia mbili moja moja, na hiyo itaonekana wazi kwenye rapori ya simu.

Kitu kingine shirikisho linahitaji, kamati za kila tunda. Mwenye ndizi wa Kivu ana shida ya mnyauko, ule ugonjwa wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kufyeka mashamba, yeye anataka visu visafishwe, ua la dume likatwe kwa mti wenye panda, migomba iliyougua ing'olewe. Mwenye maembe wa huku ana shida ya nzi wa matunda. Ukiwaweka kwenye mkutano mmoja bila kamati, mmoja anaongea mwingine anasinzia. Kamati ya ndizi, kamati ya nanasi, kamati ya maembe na machungwa, kila moja na mtu wake kwenye komite kuu, na mambo ya pamoja tu, kodi za barabarani, mbegu, uhusiano na serikali, njo yanaenda kwa wote.

Njia ya tatu: koperative

Hapa sheria ni ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ile Akti ya vyama vya ushirika iliyopitishwa Lomé tarehe 15/12/2010, na kwetu OHADA inatumika tangu 12/9/2012. Kuna aina mbili. Ile rahisi inaanza na watu 5, inaendeshwa na komite ndogo ya usimamizi. Ile yenye baraza la uongozi inaanza na watu 15. Kwa zote mbili mtu mmoja kura moja, hata kama wewe umeweka dola elfu moja na mimi nimeweka ishirini. Ikipata ziada, lazima sehemu iende kwenye akiba ya jumla na akiba ya mafunzo, halafu inayogawiwa inafuata ulichopeleka ao ulichonunua kwenye koperative, aliyeleta maembe mengi anapata zaidi kuliko aliyekuja kwenye mikutano tu. Na akti inakupa ngazi ya kupanda, koperative mbili zinaweza kufanya yunioni, yunioni mbili zinafanya shirikisho, na shirikisho mbili zinafanya shirikisho kuu.

Kwa biashara hii njo sheria inayofaa, sina ubishi. Wapanda maembe ishirini wa barabara moja wakinunua kreti za plastiki pamoja, wakikodi kamyo moja, wakichagua maembe chini ya mti kabla hayajaingia kwenye gunia, bei yao sokoni inabadilika msimu uleule. Wakienda mbele, wanakausha, wanatengeneza jusi, wanauza kwenye kantini za kampuni za migodi ambazo leo zinajaza friji kwa vitu vya nje. Kwa mtu anayesoma hii akiwa na jirani watano wa kuaminiana, usingoje chama cha kitaifa kipangwe. Anza.

Lakini kugeuza chama chote cha kitaifa kuwa koperative moja, hapo nasema hapana, na sababu ziko tatu.

Akti inadai wanachama wawe na kitu kinachowaunganisha, hitaji moja ao lengo moja. Mwenye ndizi wa Idjwi na mwenye ndimu wa Kipushi wana lengo gani moja la biashara? Hawauzi soko moja, hawatumii kamyo moja, hata msimu wao si mmoja.

Kisha kuna deni. Koperative ikikopa ili kununua kamyo, kamyo ikapinduka njia ya Likasi, deni linabaki mezani, na wanaodai hawatajua kama ile meza njo pia inatetea wakulima mbele ya gavana. Sauti inakamatwa pamoja na kamyo. (Wanaopendekeza kile kikundi cha masilahi ya kiuchumi, GIE, wajue pale ni mbaya zaidi: wanachama wanajibu deni kwa mali zao wenyewe na kwa pamoja, isipokuwa mmekubaliana vingine na anayewakopesha.)

Na ya tatu, kiongozi wa koperative ni mfanyabiashara, lazima awe hivyo, hiyo njo kazi yake. Siku bei iko chini yeye anafurahi kama mnunuzi wakati mkulima asiye mwanachama analia. Huyo huyo hawezi kusimama kusema kwa niaba ya wote.

New Zealand kwenye kiwi walitenganisha mapema. Kampuni ya kuuza, Zespri, jina lake lilianza 1997 na ilirithi kazi ya bodi ya masoko iliyokuwapo kabla. Lakini chama cha wakulima wenyewe, NZKGI, kilikuwa kimeanzishwa 1994, na kazi yake ni kuwasemea wakulima hata mbele ya Zespri. Wakulima wana hisa Zespri na bado wana chama pembeni. Wangeweza kuunganisha, hawakuunganisha. Na karibu na sisi, Tanzania, TAHA ya Arusha ilianza 2004 kama chama cha sekta ya matunda, mboga na maua, na kazi ya kusafirisha mizigo wakaiweka kwenye kampuni yao tofauti, TAHAFresh, yenye vitabu vyake. Hiyo ya TAHA naipenda sana kwa hali yetu, juu chama kinaweza kuzaa kampuni ao koperative pale inapohitajika bila chama chenyewe kuingia sokoni.

Njia ya nne: mchango wa lazima kwa kila karto

Hii inavutia wengi juu inaonekana inamaliza ombaomba ya kotizasio. Afrika Kusini zamani walikuwa na mabodi yaliyoshika uuzaji wote, mkulima hana ruhusa ya kuuza nje mwenyewe. Sheria namba 47 ya 1996 ikafunga ule mfumo. Wapanda machungwa wakaanzisha chama chao 1997, Citrus Growers' Association, na kinaishi kwa mchango unaokatwa kwa kila karto inayoenda nje. Kwa miaka mingi nchi yao imekuwa ya pili duniani kwa kuuza nje machungwa na jamii yake, baada ya Uhispania.

Watu wanasikia hapo wanasimama. Endelea kusikia. Ule mchango unaruhusiwa na waziri kwa miaka michache tu, ikiisha chama kinarudi kuomba upya na kuonyesha wakulima wanaunga mkono. Matumizi yana mwongozo, kama asilimia 70 kwa kazi zenyewe za sekta kama utafiti na masoko, angalau 20 kwa kuinua wakulima walioachwa nyuma na ubaguzi wa zamani, na gharama za ofisi zisipite 10. Na kubwa zaidi, karto zao zinapita bandarini. Kuna geti. Karto haipandi meli bila kuhesabiwa.

Sisi geti letu liko wapi? Embe linatoka mtini linaingia gunia, gunia linaingia taksi, taksi inafika mtaa wa Katuba, limeliwa. Ukitaka kukata mchango hapo, utaweka mtu barabarani na kamba na kitabu cha risiti, na mama anayeleta matunda tayari ameshalipa huku na kule kabla hajafika sokoni, kwa watu wenye karatasi na wasio na karatasi. Chama cha wakulima kikiongeza kizuizi kimoja juu ya vile, kimekwisha siku hiyo, na kitakuwa kimestahili. Bila sheria ya kukipa nguvu, mchango wa lazima ni jina tu, na sheria ikija, mjue pia serikali itataka kujua kese iko wapi. Wanaosema tukate kwenye mapome yanayoingia Kasumbalesa wakumbuke ile ni dwani, ni kazi ya DGDA, ofisi ya serikali ya forodha, chama hakina mkono pale.

Wafaransa wana namna nyingine, sheria yao ya 10/7/1975 iliruhusu baraza la mnyororo mzima, wakulima pamoja na wauzaji wa jumla na wa rejareja, na la matunda na mboga, INTERFEL, likaanza 1976. Wakikubaliana kitu kwa pamoja, serikali inaweza kukifanya kiwe lazima kwa wote. Côte d'Ivoire nao wana sheria ya mabaraza ya aina hii tangu 2011. Ni kitu kizuri cha kuangalia mbele, hasa juu kinamleta mezani na mama wa sokoni, ila kinadai wauzaji nao wawe na chama chenye nguvu, na kwetu hilo bado kabisa.

Kwa nini basi nisiitupe njia hii moja kwa moja? Juu ya magonjwa. Mwaka 2010, mwezi wa kumi na moja, bakteria ya Psa ilionekana kwenye kiwi pale Te Puke, New Zealand. Mwezi uliofuata walikuwa wameshaunda chombo maalumu cha kupambana nayo, Kiwifruit Vine Health, juu sekta ilikuwa imepangika, na makuta ya kuanza nayo yalipatikana haraka. Sisi nzi wa matunda, Bactrocera dorsalis, alionekana nchini Kenya 2003 na baada ya hapo akasambaa Afrika. Anatoboa embe likiwa bado mtini, anataga, unalikata zuri nje, ndani funza. Na hajui mpaka wa shamba. Wewe ukiokota matunda yote yaliyoanguka na kuyazika, ukaweka mitego, na jirani akayaacha yaoze chini ya mti, umefanya kazi ya bure. Lazima mtaa mzima ufanye wiki ileile. Hiyo inahitaji mitego, mtu wa kuzunguka, tangazo kwenye redio, na kotizasio ya hiari haiwezi kulipa kitu ambacho hata asiyelipa anafaidika nacho.

Kwa hiyo mchango wa lazima uanze mdogo na mahali geti lipo kweli: kiwanda cha jusi, depo inayopakia kwa karto, koperative yenyewe inapouza kwa jumla. Kwa makubaliano yaliyoandikwa, kwa kazi moja tu, nzi, kwenye akaunti yake peke yake, na kwa muda unaokwisha.

Sasa uchague gani

Kama una miti michache na unataka bei nzuri msimu ujao, swali la chama cha kitaifa si lako la kwanza. Tafuta wenzako, fanyeni ile koperative rahisi ya watu watano, halafu koperative yenu ijiunge na chama cha jimbo. Kama uko kwenye komite ya jimbo, pigania shirikisho na upiganie hesabu ya wajumbe kabla ya kupigania cheo. Kama wewe ni mnunuzi ao una kiwanda, usiombe kuwa mwanachama mwenye kura kwenye chama cha wakulima hata kama unatoa makuta mengi, omba meza ya mazungumzo ya mara kwa mara. Kura yako pale ndani itaharibu yote, na wewe pia utakosa mtu wa kuaminika wa kuongea naye.

Kwa taifa, mimi nachagua shirikisho lenye sura ya ASBL, dogo, biro ya watu wachache, vyama vya majimbo chini yake, koperative zikiwa wanachama wa majimbo yao na zikiuza kwa jina lao wenyewe na deni lao wenyewe. Udhaifu wake naujua, litakuwa maskini miaka ya mwanzo, na halitaweza kununua hata kilo moja ya matunda ya mtu. Naona afadhali hivyo kuliko chama tajiri ambacho hatujui kinamsemea nani.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kuvunja kitu chochote. Mali ya ASBL haigawiwi kwa wanachama, kwa hiyo wale wanaosema tufunge chama cha zamani, kamyo na kiwanja viingie kwenye koperative yetu, hawawezi kufanya hivyo kwa kupiga makofi kwenye mkutano. Ni rahisi zaidi kubadilisha statuti za chama kilichopo kikawa shirikisho kuliko kukifunga na kuanza F92 upya. Ombeni vitabu vya kese na orodha ya madeni kabla ya kupiga kura, mapema, na kwa maandishi. Kama trezorie anasema vitabu viko kwa mtu mwingine, asamble isogezwe mpaka viletwe.

Na tarehe. Msipange asamble mwezi wa kumi na mbili, kwa watu wa maembe huo njo mwezi wa kuvuna na hakuna atakayeacha miti yake. Kwa huku kwetu mwezi wa sita ao wa saba njo wakati, mvua imeisha, barabara za Kasenga na Kambove zinapitika, na mkutano wa jimbo ufanyike wiki kadhaa kabla ya ule wa taifa ili wajumbe waende na msimamo ulioandikwa na kusainiwa, mmoja mkononi mwao na mwingine ubaki kwenye biro ya jimbo.